Mshazari wa Mia Moja na Sita

Nilipaswa kukataa. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, miaka ya tisini ikielekea ukingoni, kwenye uwanda wa nyasi nje kidogo ya Kitengela. Mwenyekiti wa kikundi chetu cha kununua ardhi alikuwa ameshika mwisho mmoja wa tepu ya kupimia, mimi mwingine. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Soma pande nne tu. Hiyo ya katikati iache."

Nikasoma pande nne. Futi hamsini na sita, tisini, hamsini na sita, tisini. Ile ya katikati, inayotoka kona moja kwenda kona inayoikabili, ambayo Mwalimu aliita mshazari, nilikuwa nimeipima dakika chache kabla na nilijua ilikuwa na kasoro. Niliiacha. Karani akaandika, vigingi vikapigiliwa, wanachama wakapiga makofi, na mimi nikanywa soda yangu hadi mwisho.

Asiyemjua Mwalimu hawezi kuona ubaya wa jambo hilo. Kwa hiyo nitaeleza habari zake kwanza.

Alifundisha hisabati katika shule ya sekondari mjini Kajiado. Jumatatu hadi Ijumaa alilala huko, na wikendi alikuja Kitengela kwa mkewe, ambaye alikuwa muuguzi wa zahanati. Mimi nilikuwa mtunza stoo katika kiwanda cha saruji upande wa Athi River. Tulipanga vyumba vilivyopakana kwa miaka mingi. Ukuta kati yetu ulikuwa mwembamba, na mengi ninayoyajua juu yake niliyasikia kabla sijayaona. Yeye aliniita Bwana Stoo. Sikumbuki akilitaja jina langu hata mara moja, nami la kwake sikuwahi kulitumia.

Kilichotuunganisha ni karatasi. Mfuko wa saruji ukichanika stoo, tabaka za ndani hubaki safi, na tuliruhusiwa kuzibeba nyumbani. Siku moja aliniona nimebeba mzigo wa karatasi hizo za kaki.

"Bwana Stoo, hizo unafanyia nini?"

"Za kuwashia jiko, Mwalimu."

Alinitazama kama mtu aliyeona ng'ombe wa maziwa akichinjwa kwa ajili ya ngozi. Tangu siku hiyo karatasi zikawa zake, na mke wangu akarejea kuwasha jiko kwa magunzi ya mahindi.

Juu ya karatasi hizo alitafuta namba. Si namba yoyote, bali namba nzima peke yake, moja, mbili, tatu na kuendelea, sifuri, na zile za chini ya sifuri. Namba zenye nukta alizidharau waziwazi. "Hizo ukizibana kidogo zinakubali," alikuwa akisema. "Wezi wote wanaishi baada ya nukta. Namba nzima haina pa kujificha." Alisema mlinganyo wowote ukiuruhusu nukta utakupa jibu, kama muuza duka asiyetaka mteja aondoke. Lakini ukiuambia unataka namba nzima tu, ndipo unajua kama kweli jibu liko au ni maneno.

Alikuwa na mlinganyo mmoja aliousaka miaka yote niliyomjua. Alinieleza Jumapili moja tukinywa chai nje ya milango yetu.

"Chukua namba tatu nzima. Kila moja izidishe kwa yenyewe, halafu tena kwa yenyewe. Jumlisha zote tatu. Mimi nataka nipate thelathini na tatu. Unaweza kutumia hata zile za chini ya sifuri."

Mimi ni mtu wa kidato cha nne, na hisabati haikuwa imeniacha kabisa. Nilihangaika nayo wiki nzima stoo, nikiandika nyuma ya fomu. Ijumaa aliporudi nikamwambia, "Ishirini na tisa nimeipata. Tatu, moja na moja."

"Hiyo hata kwa kioski wanauza. Thelathini na tatu je?"

"Haiwezekani."

Aliweka kikombe chini. Neno hilo hakuliruhusu mlangoni kwake bila sababu yake. "Nani amekuambia haiwezekani? Wewe umechoka, na kuchoka ni kitu ingine. Thelathini na mbili ndiyo haiwezekani, na nitakuonyesha kabla hiyo chai ipoe."

Akanionyesha kweli. Alichukua karatasi ya mfuko, akaonyesha kwamba namba yoyote nzima ukiizidisha hivyo mara tatu kisha ukaigawanya kwa tisa, hubakisha sifuri, au moja, au nane, basi. Ukijumlisha masalio matatu ya aina hiyo, kisha ukatoa tisa kila inapojaa, huwezi kamwe kubakisha nne wala tano. Na thelathini na mbili, ukiigawanya kwa tisa, inabakisha tano.

"Kwa hivyo thelathini na mbili imefungwa. Kaa hapo mpaka Bwana arudi, hutaingia. Lakini thelathini na tatu inabakisha sita. Huo mlango hakuna mtu amewahi kuupita, na hakuna mtu ameufunga. Sasa mimi nitaachaje?"

Kila Jumamosi alfajiri alikaa na karatasi zake kwa saa mbili kabla ya kuguswa na mtu. Mkewe aliita kazi hiyo mke mwenza. Mgeni akibisha, alimwambia, "Subiri, ako na yule mwingine."

Uwezo wake wa kusema *haiwezekani* ulikuwa na sifa mtaani. Kulikuwa na mama mmoja aliyeleta mayai kutoka Isinya, mwenye trei za mayai thelathini na maboksi ya mayai kumi na mawili. Siku moja alimletea mkewe Mwalimu mayai mia moja ya sherehe ya kanisa, akaapa kwamba kila trei imejaa, kila boksi limejaa, na hakuna lililopungua. Mwalimu alikuwa ndani akivaa viatu. Akauliza bila kutoka nje, "Mama, ni mia moja kamili?"

"Mia moja, Mwalimu. Nimehesabu mwenyewe."

"Na hakuna trei iko nusu?"

"Hakuna."

"Basi mama, ama umeongeza ama umepunguza. Thelathini inagawanyika kwa sita. Kumi na mbili inagawanyika kwa sita. Ukizichanganya vile unataka, jumla lazima igawanyike kwa sita. Mia moja haigawanyiki. Inabakisha nne."

Yule mama akaingiza mkono kwenye mfuko wa sweta, akatoa mayai manne, moja baada ya jingine. "Hizi nilikosa pa kuweka," akasema. Halafu akamgeukia mke wa Mwalimu. "Wewe dada unaishije na huyu? Hata ukificha sukari si atajua?"

"Sukari hajui iko wapi," mkewe akamjibu. "Hata sufuria hajui iko wapi. Anajua tu ngapi."

Hilo lilikuwa kweli. Paa la chumba chao lilivuja mahali pamoja kwa misimu minne ya mvua, na yeye alisogeza meza. Katika kwaya aliimba kwa sauti ya tatu isiyokuwa ya mtu yeyote, na hakuna aliyethubutu kumwambia. Kwa mwanafunzi mzito alikuwa mkali kupita kiasi. Hakuwa na fimbo kama walimu wenzake wa siku zile, lakini alikuwa na kimya, na nimeona msichana akilia zaidi kwa sababu ya kimya kile kuliko ambavyo angelia kwa kiboko. Lakini pia nilimwona siku moja akifunga kamba za viatu kwa haraka, Jumapili jua likiwa kali, akienda kwa miguu hadi mtaa wa Noonkopir, kwa sababu alikuwa amegundua kwamba siku iliyotangulia alimkosoa msichana mmoja kumbe msichana alikuwa sawa. Hakungoja darasa lijalo. Alitaka akiri kosa mbele ya mama wa msichana.

Kuna mzee wa Kimaasai, ndiye aliyetuuzia ardhi baadaye, aliyempenda sana Mwalimu. Walisalimiana kwa Kimaa, "Sopa," "Ipa," na hapo Kimaa cha Mwalimu kiliishia. Siku moja Mwalimu alimwuliza ana mbuzi wangapi. Mzee akacheka kwa huruma. "Mwalimu, mbuzi hawahesabiwi. Ukiwahesabu unawaitia mabaya."

"Sasa mmoja akipotea utajuaje?"

"Nikiangalia nitajua. Pale penye anakosekana panaonekana."

Mtu mwingine angekwenda kulicheka jambo hilo. Yeye alilibeba wiki nzima. Aliniambia kwamba mzee yule ndiye mwanahisabati, kwa sababu kusema jibu halipo hakuhitaji kujaribu namba zote. Ukitazama vizuri pale ambapo lingekuwa, utaona kwamba halipo. Baadaye nilisikia ameitumia hadithi hiyo darasani Kajiado, na watoto wa Kimaasai walikaa wima siku hiyo.

Sasa nieleze juu ya chumba, maana chumba ndicho alichokitaka maishani baada ya thelathini na tatu.

Jumamosi baada ya saa nne alifundisha watoto wa mtaa bure, uani, kati ya kamba za kuanikia nguo. Mwenye nyumba alilalamika kila mwezi. Mvua ikinyesha darasa lilikwisha. Mtu akifua blanketi, nusu ya darasa haikuona ubao. Mwalimu alitaka ploti yake mwenyewe ajenge kwanza chumba kimoja kikubwa, chenye ubao ukuta mzima na madirisha pande mbili, halafu nyumba ya kulala ifuate mkewe akichoka kuvumilia. Alikiita chumba cha Jumamosi. Alikuwa amekichora kwenye karatasi ya saruji na kuibandika ukutani, upande wa pili wa ukuta wangu.

Ndiyo maana tulipoanzisha kikundi, watu arobaini na watano, wauza mboga, makarani, walinzi na watu wa viwandani, yeye alijiunga wa kwanza. Nami nilichaguliwa mshika tepu, kwa sababu yeye ndiye aliyenifundisha kupima tulipoweka msingi wa jiko la kanisa. Siku ile ya jiko niliona jambo ambalo sikulithamini. Yeye, mtu ambaye hakuamini hata hesabu ya mchungaji ya waumini, aliponipa mwisho wa tepu hakugeuka kutazama nimeushika wapi. Alikwenda hadi mwisho wake, akasoma, akaandika. Fundi mjenzi akamwuliza, "Mwalimu, si uangalie huko kama ameshika kwa sifuri?"

"Bwana Stoo ameshika," akajibu.

Mkutano wa kuamua ukubwa wa ploti ulikuwa mrefu. Kila mtu alitaka hamsini kwa mia, kwa sababu kila mtu Kitengela alikuwa na hamsini kwa mia. Mwalimu akasimama.

"Hamsini kwa mia, mshazari wake haukai kwa namba yoyote nzima. Ni mia moja na kumi na moja na kitu. Hicho kitu ndicho watoto wenu watapigania kortini."

"Mwalimu," akasema mama mmoja muuza mboga, "mimi nataka shamba, sitaki mtihani." Watu wakacheka.

"Sawa mama. Nakupa shamba lisilo na mtihani. Hamsini na sita kwa tisini. Ni kubwa kidogo kuliko hiyo yako. Na kona kwa kona ni mia moja na sita, kamili, hakuna kitu. Mtu asiyejua kusoma anachukua kamba, anafunga mafundo, anaenda kujipimia mwenyewe. Kona ikiwa skwea, kama kona ya kitabu, fundo litafika. Isipofika, umeibiwa."

Baadaye niligundua aliitafuta namba hiyo mwezi mzima, akitaka pande ziwe namba nzima, mshazari namba nzima, na eneo lisipungue lile la hamsini kwa mia. Alithibitisha na jambo jingine, akaniita nilione. Chukua ploti yenye pande hizo, iwe imenyooka au imelala upande. Zidisha kila mshazari kwa wenyewe, jumlisha, na utapata jibu lile lile daima, elfu ishirini na mbili mia nne sabini na mbili. Na jibu hilo halipatikani kwa namba nzima ila kwa njia mbili tu. Moja ni mia moja na sita mara mbili. Nyingine ni thelathini na nne na mia moja arobaini na sita.

"Na hiyo ya pili," akasema, "mia arobaini na sita ni tisini jumlisha hamsini na sita. Hapo ploti imelala chali, imekuwa mstari, huwezi kuweka hata stuli. Kwa hivyo Bwana Stoo, ukipima mishazari yote miwili ukapata namba nzima, kona ni skwea. Hakuna njia ingine."

Kikundi kilikubali. Kumbukumbu za mkutano ziliandikwa, mpangilio wa ploti arobaini na tano ukachorwa na kupelekwa ofisini, kila kona skwea.

Ile Jumamosi ya kupiga vigingi Mwalimu alikuwa Kajiado na watahiniwa wa kidato cha nne. Kamba yake ya mafundo ilibaki kwenye msumari chumbani kwake. Tuliposhuka shambani, mwenyekiti, mfanyabiashara wa mbao, mtu mcheshi na mkarimu, alinichukua kando na kunionyesha ua wa zamani wa mzee.

"Unaona vile ua umelala? Tukipiga kona skwea, kila mstari unaacha pembetatu ya bure huku na huku, na zinaingia ploti tisa. Tukifuata ua, kila upande wa ploti unabaki vile vile, hamsini na sita, tisini, na zinaingia kumi. Mistari mitano. Hizo ni ploti tano zimetoka kwa hewa."

"Lakini zitakuwa zimelala."

"Nani atalala juu ya kona? Moja ni yako. Kijana wako si ataoa?"

Sitasema nilidanganywa. Nilikwenda na tepu hadi ploti ya kwanza iliyowekwa alama, nikapima mishazari peke yangu. Mmoja ulikuwa futi themanini na nane. Mwingine futi mia moja ishirini na moja na inchi nne. Nilijua maana yake vizuri kuliko mwenyekiti mwenyewe. Nilijua kwamba ploti ikilala namna hiyo, pande zinabaki lakini ardhi inapungua, na kila mwanachama anaondoka na pungufu asiloliona. Halafu nikarudi nikasoma pande nne.

Ijumaa iliyofuata Mwalimu alinikuta mlangoni kabla hajavua koti.

"Mishazari?"

"Mia moja na sita."

"Yote miwili?"

"Yote miwili."

Uso wake ulifunguka. "Basi hakuna njia ingine," akasema, akaingia ndani kumwambia mkewe. Kupitia ukuta nilimsikia akilirudia. Uthibitisho wake ulikuwa hauna ufa. Namba niliyompa ndiyo ilikuwa ya uongo.

Alijenga mwaka uliofuata, kwa likizo na wikendi, akifuata vigingi vyangu. Fundi alimlalamikia kwamba kona za msingi zinamsumbua, akamwambia afuate vigingi, vimepimwa. Kamba ya mafundo ilibaki kwenye msumari. Kila mwanachama alikuwa na haki ya kuiazima, na hakuna aliyeiazima, kwa sababu Bwana Stoo alikuwa amepima. Yeye mwenyewe hakuishusha. Mtu aliyemwuliza muuza mayai kuhusu mayai manne hakuniuliza mimi mara ya pili.

Chumba cha Jumamosi kilitumika misimu miwili. Ubao ulikuwa ukuta mzima kama alivyotaka. Nilikwenda mara moja, nikakaa nyuma, watoto zaidi ya thelathini wakibishana kama kuna namba mbili nzima ambazo mraba wa moja ni mara mbili ya mraba wa nyingine. Walibishana kama wazee wa baraza. Nilitoka kabla hawajamaliza, nikisingizia kazi.

Kisha akaja mpimaji wa serikali kuweka bikoni, yale mawe ya mipaka ya hati. Alikuwa na ramani iliyopitishwa, ploti arobaini na tano, kila kona skwea, na chombo chake cha miguu mitatu hakikuwa na mtoto wa kuozesha. Vigingi vyote vikahama. Zile ploti tano za hewani zikarudi hewani, na yangu ikiwemo. Watu wengi walikuwa hawajajenga, walipoteza ua na miti. Lakini chumba cha Mwalimu kilikutwa kimekatwa na mpaka. Zaidi ya theluthi ya chumba ilikuwa kwa jirani, na jirani, ambaye naye alikuwa amepunjwa miaka yote hiyo, hakutaka kusikia habari ya darasa. Nani angemlaumu?

Mwenyekiti alisema makosa ni ya mshika tepu. Kwa mara ya kwanza alisema kweli nusu.

Mwalimu alikuja mlangoni kwangu Jumamosi alasiri. Nilidhani atapaza sauti. Alikaa kwenye stuli yake ya siku zote.

"Ulipima mishazari?"

"Nilipima."

"Ulipata ngapi?"

"Themanini na nane. Na mia ishirini na moja na inchi nne."

Alichukua kipande cha karatasi, akazidisha, akajumlisha. Nilimwona akiangalia jibu. Lilikaribia sana ile elfu ishirini na mbili yake.

"Ulipima vizuri," akasema. Akainuka, akaenda kwake.

Kilibomolewa na vijana aliowaajiri yeye mwenyewe. Alisimama akawaambia waanze na upande wa ubao. Matofali mazima alimpa jirani ya kujengea ua. Kabla mwaka haujaisha aliomba uhamisho, akapelekwa shule ndogo upande wa Mashuuru, na mkewe akamfuata. Nilibaki na ukuta wangu, na upande wa pili akaingia dereva wa lori aliyekuwa mtu mwema.

Nilikaa miaka mingi bila kwenda. Nilikuwa na sababu nyingi na zote zilikuwa na nukta. Nilipostaafu, ndipo nilipokusanya karatasi safi za kaki, nikazifunga kwa kamba, nikapanda gari la mizigo hadi Mashuuru. Nilimkuta nyuma ya shule, amesimama kwenye ardhi nyekundu iliyofyekwa, ana kofia ya ukindu, mvi zimemjaa, na ile kamba ya mafundo iko begani. Walikuwa wanaanza msingi wa darasa jipya na fundi alikuwa amechelewa.

"Bwana Stoo," akasema, kana kwamba nilikuwa nimetoka dukani.

Nikampa karatasi. Alizipima uzito kwa mkono, akafurahi kweli. Nikamwuliza kuhusu thelathini na tatu.

"Bado. Lakini sasa niko mbali sana. Kama iko, iko kwa namba kubwa zaidi ya zile nimepitia." Alisema hivyo bila uchovu wowote. "Hakuna mtu ameufunga."

Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu njia nzima, na yakatoka machache. "Mwalimu, nilikuja kuomba msamaha. Nilijua, na nikakudanganya, na chumba kikaanguka."

"Nilikusamehe zamani," akasema. "Ningebeba hiyo mzigo na hizi namba zote?" Akacheka kidogo, na nikaona ni kweli, alikuwa amenisamehe. Kisha akanipa fundo la kwanza la kamba. "Shika hapo kwa kigingi."

Nikachuchumaa, nikabana fundo kwenye kigingi kwa kidole gumba. Akaenda na kamba, polepole, hadi fundo lake. Akalishikilia juu ya kigingi cha pili. Halafu akaweka jiwe juu ya fundo lake, akarudi hatua zote zile hadi nilipokuwa, akaegemea goti kwa mkono, akainama, akatazama kidole changu.

"Sawa," akasema, akarudi.

Upande wa pili alifanya vivyo hivyo. Na kwenye mshazari, ambao ni mrefu kuliko yote, alitembea na kurudi huku jua likimchoma, mzee wa miaka yake, akainama tena akatazama. Fundo lilikuwa kwenye kigingi. Mara zote tatu lilikuwa kwenye kigingi.

Ploti sikuipata, na ningeipata nisingeitaja hapa. Kijana wangu alioa bila hiyo. Uamuzi wa asubuhi ile ulinigharimu kitu kimoja. Palikuwa na mtu mmoja duniani ambaye hakuamini chochote bila uthibitisho, isipokuwa mimi. Mtu huyo sinaye tena.